Sahihi ya Mkurugenzi wa Saba

Nudrat alikuwa akipiga pasi sare za shule za wanawe, nyumbani kwake Nazimabad, Karachi, pale karani wake Mirza alipopiga simu.

“Bi wakili, sahihi ya saba imerudi.”

“Si umechapa upya?”

“Mara tatu. Sasa imelowa, inanuka kisima.”

Kiwanda kimoja cha nyuzi kilitaka kuuza hisa kwa umma, na Nudrat ndiye aliyeandika waraka wake. Wakurugenzi walikuwa sita. Wenye kiwanda walimnong'oneza aiache ile ya saba ibaki: ni ya yule jini wa kisimani, waliyeishi naye tangu enzi za babu. Ikipita, kila mnunuzi atakuwa mtumwa wake. Nudrat alikataa. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kumwambia mnunuzi ni nani yuko nyuma ya anachouziwa.

Alipokata simu, harufu ya matope ilijaa chumbani. Mahrukh, bintiye wa miaka tisa, alisimama mlangoni, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mzee mwenye kikohozi.

“Niandike. La sivyo nakaa humu.”

Macho ya mtoto yalikuwa meusi yote, na maji yalikuwa yakipanda ukutani badala ya kushuka, na kila pumzi aliyovuta Nudrat ilikuwa na ladha ya kutu, na bado mkono wake ukazima pasi, ukafungua mkoba, ukatoa karatasi ya muhuri na kidau cha wino.

“Jina?”

“Zarqash.”

“Mwana wa nani?”

Maji yakapanda hadi darini.

“Huku kwetu hata anayeomba umeme huulizwa baba yake.”

“Wa moto.”

“Yu hai au marehemu?”

“Usinifanyie mzaha, mwanamke.”

“Niko kazini. Kitambulisho huna. Haya, dole gumba.”

Mkono wa Mahrukh ukanyooka.

“Hilo ni la binti yangu, na mtoto hawi mkurugenzi. Toa lako.”

Kivuli chenye maji kikajivua kutoka vidoleni mwa mtoto, kikagandamiza karatasi. Hapo hapo Nudrat akamvuta Mahrukh nyuma yake. Alama ilikuwa laini, haina mstari hata mmoja.

“Hii si ya mtu. Umekataliwa.”

Akaandika hivyo, akagonga muhuri. Kilio kikaingia kwenye mabomba, kikateremka mpaka chini ya barabara.

Mirza akapiga tena. “Zimebaki sita.”

“Peleka waraka.”

“Mteja wako ameniloweshea zulia,” mama mkwe wake alinung'unika akiingia.

“Si mteja, Amma. Nimemkataa.”

Kichri, wali uliopikwa na dengu, ilipakuliwa kabla ya isha. Mumewe Wajahat, mama mkwe, Mahrukh, mdogo wake Sarwat, na yeye mwenyewe. Nudrat akawahesabu kwa kidole, mara mbili. Watano.

“Kuleni,” akasema.