Tundu la Mbanza Lukunda

Enzi zile ufalme wa Kongo ulipogawanyika, kila mwana wa ukoo akijitwalia kiti, mji wa Mbanza Lukunda ulikuwa na kanisa kuu la mawe. Aliyelijenga ni fundi mwashi Nsaku Matondo. Miaka kumi na mmoja alipasua mawe, akachoma chokaa, akasimamisha kuta zenye unene wa dhiraa tatu na matao saba kutoka mlangoni hadi altareni. Paa tu ndilo lililokuwa la makuti.

Jeshi la mpinzani lilipotokea bondeni na magobori yake, mtawala wa mji, Dom Mateu Mpanzu, aliwaingiza wanawake na watoto wote kanisani, Nsaku akiwa pamoja nao. Akasimama mimbarini, joho jekundu begani.

"Nitafia mlangoni hapa kabla adui hajawagusa," akaapa.

Adhuhuri mishale ya moto ikatua juu ya paa. Adui walikuwa wameuzingira mlango mkuu, hivyo Nsaku akakimbilia sakristia, chumba cha mapadri kilichokuwa na mlango wa kutokea msituni. Akausukuma. Haukutikisika. Akachungulia ufani: gogo limeegemezwa kwa nje, na joho jekundu limetupwa majanini.



Dada yake Luzia akamfikia akikohoa. "Kaka, mtawala yuko wapi?"

"Ameondoka. Ametufungia kwa nje, asifuatwe."

Luzia alimkodolea macho kama asiyeelewa lugha. Kisha akauliza taratibu, "Ukuta umeujenga wewe. Ni dhaifu wapi?"

Nsaku akaikumbuka aibu yake: chini ya tao la saba, mahali mvua ilipomkuta chokaa imekwisha, akaziba kwa udongo. Hakumwambia mtu. Akanyakua nyundo akapiga mpaka viganja vikachanika, na mwanga ukaingia.

Watu wakapenya mmoja mmoja. Luzia akabaki nyuma akiwasukuma vikongwe. Paa likaanguka, naye yumo ndani pamoja na watu kumi na wanane.

Nsaku aliishi uhamishoni ng'ambo ya mto. Hakushika tena jiwe.

Kanisa li wazi kwa wageni hadi leo, halina paa. Wageni hao hupima kuta, huhesabu matao, husoma kwenye bamba la jiwe jina la Dom Mateu, mlinzi wa mji. Kuhusu tundu la nyuma, huambiwa lilitobolewa na mzinga wa adui.

Jeshi lile halikuwa na mzinga hata mmoja.