Lasam Anaitwa Kortini

Benchi la mdaiwa lilikuwa limelowa. Saa nne asubuhi, jua linachoma, mvua haijanyesha bonde la Ulu Rengas wiki mbili nzima, na benchi linachuruzika maji. Mzee Jidin, mwita watu wa korti, alilifuta kwa kitambaa. Likalowa tena.

Kintan, mwanamke aliyefungua kesi, hakulijali. Alikuwa amekuja kortini mara ya saba, kwa miguu, na miche yake ya mpunga ilikuwa inazeeka kitaluni. Shamba lililogombewa lilikuwa la marehemu dada yake. Kwa mila ya kule Malaya shamba ni la wanawake. Mume akifiwa hufunga nguo zake akarudi kwao. Shemeji yake, Lasam, aligoma kuondoka. Zamani wazee wa ukoo wangelimaliza jambo hilo kabla ya chakula cha mchana, lakini Mwingereza alipoweka korti yake aliwakataza kuamua, na korti nayo ikaamuru shamba lisiguswe mpaka hukumu. Halafu Lasam akafa. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Wapi!

"Cheti cha kifo kiko wapi?" aliuliza karani Velu.

"Kaburi liko kule kilimani, nenda kaone!"

"Kaburi haliingii kwenye faili, mama. Sheria inasema aitwe mara tatu. Asipoitika, shamba ni lako leo hii."

"Basi aitwe!"

Mzee Jidin alimvuta pembeni, tambuu ikiwa shavuni. "Mwanangu, jina la maiti haliitwi hivyo. Mama yako hakukufundisha?"

"Mama yangu hakuhangaishwa na korti mara saba. Mwite, mzee, nimechoka!"

Jidin akasimama barazani. "Lasam bin Konit!" Akaita tena: "Lasam bin Konit!" Jogoo waliokuwa wakiwika sokoni wakanyamaza, na harufu ya udongo wa kaburi uliofukuliwa ikaingia ukumbini, nzito, ikapita kati ya watu waliokuwa wakifunika pua na kuvuta watoto wao magotini, na Jidin, ambaye sasa alikuwa analia waziwazi, akaita mara ya tatu kwa sauti ndogo ambayo hata aliyekuwa ubavuni mwake aliisikia kwa shida.

"Nipo," benchi tupu likajibu.

Hakimu Mwingereza hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi zake. "Mdaiwa anasemaje?"

"Naomba muda."

"Mwezi mmoja."

Kintan alikwenda mbio kwa Pawang Siak, mganga wa bonde lile. Mzee alimsikiliza, akakataa hata kuwasha ubani.

"Lasam yuko kaburini. Aliyeitika ni jini, kiumbe asiye na jina wala makao. Ninyi mmempa jina, na mzungu ameliandika kitabuni. Mimi nafukuza anayejiingiza mwenyewe. Huyu ameitwa. Nenda kaifute kesi, jina nalo lifutike."

"Niifute? Baada ya yote haya?"

"Ifute, urudi kwa wazee wako."

Aliapiza njia nzima, akiwatukana Lasam na hakimu, na kujitukana mwenyewe pia. Lakini miche ilikuwa imeanza kuwa ya manjano, na binti zake watatu wangekula nini mwakani? Siku ya kesi akasema mbele ya korti: naifuta, sidai tena.

Velu alipekua kitabu cha sheria. Uso ukampauka. "Mdaiwa alishafika kortini, mama. Kesi haifutwi bila ridhaa yake. Lazima aitwe."

Mzee Jidin alivua mshipi wa korti, akauweka mezani, akaondoka bila kuaga. Ikabidi karani aite mwenyewe. Mara moja tu ilitosha.

"Nipo."

Safari hii sauti ilitoka kwenye benchi la Kintan, karibu na sikio lake, na ilikuwa sauti ya Lasam kabisa, na kile kikohozi chake cha tumbaku, naye Kintan hakuthubutu kugeuka wala kuvuta pumzi huku ukumbi mzima ukimwangalia yeye na kitu kilichokaa ubavuni mwake.

"Anaomba... anaomba kufuta kesi," Velu alinong'ona. "Unakubali?"

"Sikubali. Nalitaka shamba."

"Bwana karani," Kintan akasema huku machozi ya hasira yakimtiririka, "unamsikia? Unamsikia huyu?"

Velu alikuwa anamsikia. Alichovya kalamu, akaandika, kisha akauliza ni tarehe ipi itakayowafaa wote wawili.