Mpini wa Vidole Vitatu

Hilux nyeupe ilikata kona ya Kamukuywa nusura ipinduke. Wakonyo akaikata nyuma yake, Subaru ikilia kama imetukanwa.

Redio ya Motorola ilikoroma.

"Sema, Wakonyo." Alikuwa Sifuna, mkuu wa kikosi chake cha ujasusi, akiongea kutoka Bungoma.

"Niko nyuma yao, mzee. Mita hamsini."

"Hiyo mzigo isifike Kitale."

Mzigo ulikuwa baruti, masanduku matatu yaliyovushwa mpaka na kupitishwa Cheptais. Maonyesho ya kilimo yalikuwa yanafunguliwa Kitale saa nane mchana. Maelfu ya watu wangekuwa uwanjani, na mmoja wao ni Tabby, dada yake Wakonyo, aliyekuwa na kibanda cha maziwa lala, yale yaliyogandishwa, karibu na jukwaa.

Wakonyo alitoa Glock dirishani. Risasi moja, gurudumu moja. Hilux ikaingia mtaroni na dereva akatimua mbio, mahindi yakammeza.

Alimwacha aende. Akafungua masanduku.

Mawe.

Kumbe alikuwa akifukuza mawe tangu Chwele! Mtu alikuwa ametoa baruti, akajaza mawe, akakata kamba iliyobaki, na kwa haraka zake akasahau kisu kikiwa kimechomekwa kwenye turubai.

Wakonyo alikichomoa. Hata katika hasira zile, alikitazama mara mbili, maana kisu kizuri ni kisu kizuri. Hakikuwa cha kukunja, hivi vya dukani vinavyolegea kabla ya Krismasi. Kilifuliwa kwa springi ya lori, chuma kimoja toka ncha hadi mwisho wa mpini, na mpini wenyewe ni mzeituni wa Mlima Elgon uliopigwa misumari ya shaba. Ukikiweka juu ya kidole kinatulia.

Kazi ya Nakhungu, mhunzi wa Chwele. Hakuna mwingine.

Nakhungu hachongi mpini kabla mteja hajakandamiza mkono wake kwenye udongo mbichi. Kila mpini una mwenyewe. Wakonyo alikishika kwa mkono wa kulia, kikamkataa. Akahamishia kushoto. Kulikuwa na mifereji mitatu ya vidole, na pa kidole cha mwisho palikuwa bapa.

Alimjua mtu mmoja tu wa mashoto asiye na kidole hicho. Wakonyo mwenyewe ndiye aliyemfunga kidonda, miaka sita iliyopita.

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma mpaka akaketi chini barabarani, jasusi mzima na bastola yake. Baba yake alipofariki, ni Sifuna aliyemshika mkono makaburini. Ni Sifuna aliyeagiza visu viwili kutoka springi moja, akaweka cha Wakonyo mezani. "Kisu haipeanwi mkono kwa mkono," alimwambia. "Inaleta ugomvi. Weka chini, mwenzako aokote."

Simu ililia.

"Umewashika?" Sifuna aliuliza.

"Nimewapoteza, mzee."

"Si kitu, msichana yangu. Rudi Bungoma upumzike. Kitale niachie mimi."

Wakonyo akakata simu, akarudi kwenye Subaru, akakanyaga mafuta kuelekea Kitale. Njiani alimpigia Ian, fundi wa kutegua mabomu.

"Anza na jukwaa, Ian. Kimyakimya. Usimwambie mzee."

"Ati mzee?"

"Fanya tu, bana."

Saa saba na nusu Ian alipiga. "Nimeyaona. Yameunganishwa na simu. Mtu akipiga hiyo namba tumekwisha. Nipe dakika tano."

Sifuna alikuwa langoni kando ya Prado yake, mkono wa kushoto mfukoni.

"Si nilisema urudi Bungoma?"

"Umesahau kitu, mzee." Wakonyo aliweka kisu juu ya boneti, akarudi nyuma hatua moja, kama alivyofundishwa.

Mazoea yana taabu. Kisu kikiwekwa, unaokota, na hiki kilikuwa chake. Mkono wa kushoto ukatoka mfukoni mtupu, simu ikabaki humo. Vidole vitatu vikalala kwenye mifereji yao.

Pingu zikalia. Kisu kikaanguka, na kabla Sifuna hajapumua mikono yote ilikuwa mgongoni. Wakonyo alitoa kabambe ya Nokia, kisimu cha vitufe, mfukoni mwa Sifuna, akaichomoa betri.

"Nimemaliza," Ian alisema redioni.

"Nani aliniuza?" Sifuna aliuliza.

"Nakhungu. Alikupima mkono."

"Msichana yangu, hao watu walinishika pabaya..."

"Tabby yuko kibanda cha tatu, mzee. Ulimwona leo?"

Sifuna aliangalia viatu vyake. "Nilimsalimia."

Wakonyo alichomoa kisu chake mwenyewe kutoka kwenye ala. Alikipenda kisu kile kuliko kitu chochote alichowahi kupewa. Akakilaza chini, miguuni pa Sifuna.

"Nakurudishia. Okota."

Alimwachia askari wa langoni, hakungoja kuona. Alipita langoni, akaenda moja kwa moja kibanda cha tatu, akaomba glasi ya maziwa lala.