Mwanasha na Sindano ya Kwenye Mshono

Mwanasha na mumewe Ashiru wanalima korosho na mihogo Chiungutwa, Masasi. Mtoto wao wa kwanza, Lukmani, alizaliwa kwa upasuaji. Mimba ya pili ilipokaribia kutimia, daktari alisema na huyu atazaliwa vilevile. Mwanasha hakutaka hata kusikia. Alimwambia mumewe atazalia nyumbani, basi.

Ashiru alijua sababu. Mara ile kidonda kilimuuma mkewe mpaka akashindwa kumpakata mtoto. Lukmani alilia njaa, na mama yake naye akalia kwa ndani. Manesi walipopita kumuuliza hali, alijibu, "Salama." Sisi wanawake wa huku tumefundwa hivyo, mzazi halalamiki. Mafunzo yetu nayapenda, lakini hapo yalimponza mwenzetu.

Siku ya kliniki Ashiru alimsindikiza, akamweleza nesi Cecilia yote. Cecilia hakumgombeza mtu. Alisema kuzalia nyumbani ni hatari kwake, maana uchungu ukianza, kovu la zamani kwenye mfuko wa uzazi linaweza kuachia, akafa yeye na mtoto. Kisha akamgeukia Mwanasha.

"Mama Lukmani, maumivu yana dawa. Daktari anapomaliza kushona, anaweza kuchoma dawa ya ganzi kandokando ya kidonda. Mwambie mapema kwamba unaitaka."

"Haitaingia kwenye maziwa?"

"Inayoingia ni kidogo sana, haimdhuru mtoto. Ila baada ya saa chache ganzi inaisha. Hapo utapewa vidonge. Kama kuna dawa iliwahi kukudhuru, sema. Na ukiumwa, sema."

Mwanasha alikubali shingo upande. Alipofika hospitali alimwambia daktari, naye alipomaliza kushona akamchoma ile sindano. Mtoto alikuwa wa kike. Mchana uleule Mwanasha alimpakata na kumnyonyesha, huku akishangaa mwenyewe.

Jioni ganzi ilianza kuisha. Nesi wa zamu alipita kuuliza hali. Mama yake Ashiru, aliyekuwa akimuuguza, alimjibia haraka kwamba hajambo.

"Samahani, mama," Mwanasha alisema. "Nesi, kidonda kinaniuma."

Nesi alimpa vidonge, akamshukuru kwa kusema. Wakati mjukuu wake ananyonya tena, ndipo mama mkwe alipofungua mdomo.

"Mimi wangu saba niliwazaa kimya," alisema. "Hakuna aliyeniambia kwamba inaruhusiwa kusema."