Maneno ya Bibi Chini ya Picha

Kila akitoka shule, Chapuchapu alivua viatu, akanawa miguu, kisha akaketi na simu ya kaka yake. Kaka alikuwa kinyozi, na alikuwa kiziwi tangu utotoni. Bibi yao aliishi mbali na hakujua kuandika, kwa hiyo jirani yake alimrekodi video akizungumza, akamtumia kaka. Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kusikiliza na kuandika maneno yake chini ya picha, ili kaka asome.

Siku moja wenzake walikuwa nje na kamba yao ya kuruka.

"Wee Chapuchapu! Leo umegeuka kobe?"

Kwenye video, bibi naye alisema polepole, akakohoa, akapumzika, akaanza upya. Chapuchapu akasikiliza mwanzo tu, akaandika: "Bibi anakusalimu. Hajambo." Huyo, mbio kwenye kamba!

Kaka alikusudia kufunga kibanda aende kumtazama bibi. Aliposoma kuwa hajambo, akaendelea na wateja wake.

Wiki haikuisha, bibi akafariki.

Msibani, shangazi yao, mwandishi wa maneno ya chini ya picha katika kituo cha televisheni, alimkabili kaka kwa ishara. "Mama alikuita. Alikaa mlangoni na taulo mabegani, akakataa kunyolewa na mwingine. Mbona hukwenda?"

Kaka akampa simu. Shangazi akasoma, akasikiliza video yote, akamgeukia Chapuchapu.

"Ndiyo yote aliyosema bibi yako?"

"Nili... nilifupisha, shangazi."

"Nani alikutuma ufupishe?"

Akamketisha hapo hapo, wakaandika upya: "Njoo uninyoe, mjukuu wangu. Hawa wengine wananiparua kama samaki. [Anacheka. Anakohoa sana.] Usikawie. Nakungoja."

Kaka akasoma, akarudia. Akauliza kwa mkono, "Alicheka?"

"Alicheka," shangazi akajibu.

Chapuchapu akamwomba kaka radhi huku analia. Kaka hakumtazama. Akatoka, akaenda kukaa peke yake.

"Mwache," shangazi akasema. "Atakusamehe siku atakayoweza. Utaendelea kuandika, na mimi nitakagua kila neno mpaka uaminiwe tena. Lakini shika hili, mwanangu: kikohozi andika, kicheko andika, hata kimya kiandike. Maneno hayakuwa yako uyapunguze. Bibi yako aliita, ikaitika hewa tupu, na hilo mimi na wewe hatuwezi kulisahihisha."