Droo za Upande wa Stumai

Soko la Majengo lilifurika watu asubuhi hiyo. Stumai, nahodha wa timu ya roboti ya chuo, alikuwa akipenya katikati yao na roboti ndani ya beseni la kufulia, gauni lake la kijani likiburura vumbi. Akapigwa kikumbo. Gurudumu likachomoka, nati zikatawanyika hadi kwenye mafungu ya nyanya.

Kijana mmoja akachuchumaa, akaziokota zote, akazifuta kwa shati lake safi kabla ya kumpa.

"Dada, hii ni redio iliyoota miguu?"

"Ni roboti, kaka. Usiicheke, ina hasira."

"Ndiyo maana mnaifua?"

Stumai akacheka huku akikaza gurudumu.

Kijana huyo, Habibu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma nyuma ya soko. Beseni lile lilimtia huruma. Akajitolea kuwatengenezea toroli: meza ya chuma yenye magurudumu, droo za vifaa na soketi za umeme. Stumai akaleta mchoro. Jioni akawa anapita kutazama kazi, na simu nazo zikaanza.

"Umekula, fundi wangu?"

"Ugali mkavu. Sauti yako ndiyo mboga."

"Muongo mkubwa wewe!"

Mashindano yalipokaribia, Habibu akalisukuma toroli hadi chuoni, amelipaka kijani kama lile gauni. Timu ikapiga makofi. Stumai peke yake hakupiga. Droo zote zilikuwa kushoto, naye alizichora kulia.

Stumai alikuwa mashoto. Nyumbani Kondoa alichapwa kila alipopeleka mkono wa kushoto kwenye chakula, akakua akiuficha. Akaona Habibu ameugundua na kuufanyia mzaha.

"Umeamua kunicheka mbele ya wenzangu?"

"Stumai, nisikilize..."

"Nenda, Habibu."

Habibu akaondoka. Siku hiyo alikuwa amekusudia kumwuliza kama awatume wazee Kondoa kuposa. Alipopiga simu, haikupokelewa.

Ukumbini, katikati ya mashindano, mkono wa roboti ukakwama. Stumai akapiga magoti kando ya toroli. Macho yake yakabaki kwenye roboti. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye droo, ukapata bisibisi, kisha koleo, kisha waya. Mkono wa roboti ukainuka, ukumbi ukalipuka kwa vifijo.

Yeye alikuwa bado akipapasa ukingo wa droo. Ulikuwa umepigwa msasa ukawa laini, pale pale vidole vyake vilipopita. Akatoka nje, akapiga simu.

"Habibu, ulijuaje?"

"Siku ile sokoni. Ulikaza gurudumu kwa kushoto, uliponiona nakutazama ukahamishia kulia. Nilikosa, ningekuuliza kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka ushtuke kwa furaha. Mama yangu naye ni mashoto. Baba alimbomolea jiko akalijenga upya, kila kitu upande wake. Mimi nimekua nikiona hivyo."

Stumai akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Nisamehe, fundi wangu. Uko wapi?"

"Hapa getini. Ningekosaje kuja?"

Akamkuta amesimama na vikombe viwili vya chai. Habibu akamnyooshea kimoja, akasema, "Siku ile nilitaka kukuuliza kama niwatume wazee Kondoa kuposa." Stumai akakipokea kwa mkono wa kushoto, watu wakipita, wala hakuuficha.

"Wazee wako waje Ijumaa, baada ya swala," akasema. "Baba atakuwepo."