Hati Iliyobaki kwa Bi Solveig

Kila asubuhi kabla ya shule, Marisela alikuwa akizoa theluji mlangoni huku mama yake, Graciela, akichoma mikate ya mahindi jikoni. Zamani theluji ilikuwa kazi ya baba. Tangu walipomzika, mwezi Oktoba, wakati wa mavuno ya viazisukari, hakuna aliyeuliza kazi hiyo ni ya nani. Marisela alichukua koleo tu.

Nyumba yao ndogo ya mbao baba aliinunua kwa mkataba. Alimlipa Bi Solveig Tveit kila mwezi, lakini hati ilibaki kwa bibi huyo mpaka deni liishe. Wakishindwa kulipa, bibi angeweza kutoa ilani, na siku sitini zikipita nyumba ingerudi kwake. Jasho lote la baba lingekwenda na maji. Sasa mshahara wa mama, wa kufua mashuka hotelini, haukutosha. Ilibidi wauze upesi, waondoke huku kaskazini, warudi Texas kwa nyanya yake Marisela.

Jumamosi alikuja mnunuzi, Bwana Kittelson, fundi wa reli. Kabla hajafika, mjomba Chema aliwakalisha mezani.

"Habari za mkataba zisitajwe," alisema. "Mtu akisikia hati iko kwa mwingine, atakimbia kama sungura."

"Na akiuliza, Chema?" mama aliuliza kwa sauti ya uchovu.

"Mwambie nyumba ni yetu. Kwani tunalala kwa nani?"

Bwana Kittelson alikagua dari, akagonga kuta, akashuka mpaka chini kwenye tanuri la kupashia joto. Kisha akakaa, akapewa kahawa.

"Nyumba nimeipenda," alisema. "Hati mnayo ninyi?"

Mjomba alicheka. "Bwana, kahawa hata haijapoa, wewe unakimbilia makaratasi!"

Mama aliinamisha kichwa. Marisela alimwona akifumbua mdomo, kisha akaufunga. Alikuwa amechoka hata kusema uongo.

"Hati anayo Bi Solveig," Marisela alisema. "Bado hatujamaliza kulipa."

"Wee mtoto! Nani amekuita?" mjomba alifoka.

Bwana Kittelson alivaa viatu vyake vya theluji, akashukuru kwa kahawa, akaondoka.

"Haya, furahi sasa," mjomba alimwambia Marisela. "Umemfukuza mnunuzi."

Mama hakumgombeza. Alichukua koti. "Twende kwa Bi Solveig, mwanangu. Akisikia kwa watu itakuwa vibaya zaidi."

Nje ya nyumba ya bibi huyo lilisimama gari la Bwana Kittelson. Mama alisita, akageuka kurudi. Marisela akamshika mkono, wakaingia.

"Graciela, kwa nini hukuniambia unauza?" Bi Solveig aliuliza.

"Niliogopa utatunyang'anya."

"Niinyang'anye niifanyie nini? Hii moja tu inanishinda kuipasha joto!"

Bwana Kittelson alikohoa. "Mama, jina la Tveit nililiona ofisi ya ardhi tangu juzi. Nilitaka kusikia mtasemaje. Binti yako asingesema, ningekwenda zangu nisirudi. Kwa kuwa amesema, nimekuja kuuliza deni limebaki kiasi gani."

Marisela alitazama vidole vyake.

Wiki iliyofuata walikutana kwa mwanasheria. Bwana Kittelson alimlipa Bi Solveig deni lililobaki, bibi akatia sahihi hati, na kilichozidi akakabidhiwa mama. Hakikuwa kingi. Kilitosha kuwafikisha Texas na kuanza maisha.

Walipotoka, mama alisimama barabarani.

"Baba yako aliilipia nyumba ile kwa mgongo wake," alisema. "Kidogo tu mimi na mjomba wako tuiuze kwa uongo, tukose nyumba na jina lake pia. Uongo huonekana njia ya mkato, mwanangu, lakini unapoishia hakuna mlango. Ukiogopa kusema kweli, iseme hivyo hivyo ukiwa na hofu yako."

Marisela aliitikia. Kisha mama akalia, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, na Marisela akamngoja mpaka akamaliza.